Kipimo Kilichukuliwa Juu: Kisa cha Mtaro wa Bomba Mjini Lindi

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kulaza bomba la maji kwenye kipande cha barabara upande wa chini wa mji wa Lindi, kule ambako mji unaishia kwenye ghuba na ng'ambo unaiona Kitunda. Mtaro ulikuwa na kina cha kufika kifuani kwa mtu mzima, na upana wa watu wawili kupishana kwa kubanana. Palikuwa na vibarua sita, fundi bomba, dereva wa kijiko, msimamizi wa mkandarasi, na afisa usalama aliyekodiwa kwa asubuhi hiyo tu. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Jua lilipozama, vibarua watatu walikuwa hospitali wakipewa oksijeni, na mtaro ulikuwa umezungushiwa utepe.

Hakuna aliyekufa, wala hakuna kilichowaka. Ndiyo maana kisa hiki hakikuvuma. Mtaani kilibaki kuwa habari ya "vijana kuzidiwa na jua". Nilikipitia baadaye kwa kuzungumza na waliokuwepo, na wote niliwaahidi kwamba sitataja majina yao wala la mkandarasi. Kilichonivuta ni makaratasi. Kibali cha kazi kilijazwa na kutiwa saini, kikao cha asubuhi kilifanyika, hewa ilipimwa. Ukilisoma faili peke yake unabaki unajiuliza watu walidondokaje.

Sheli ya zamani

Mtaro ulipita mbele ya kiwanja kilichowahi kuwa sheli. Pampu ziling'olewa siku nyingi, paa likauzwa bati moja moja, na kibanda cha kulipia kikageuzwa duka la vipuri vya bodaboda. Vya juu vyote viliondoka, matenki yakabaki ardhini. Mtaa mzima ulilijua hilo. Msimamizi naye alilijua, kwa sababu kwenye kibali aliandika "tahadhari, tenki la zamani" na akamwelekeza dereva wa kijiko asisogee karibu na lango la kiwanja. Alichohofia ni jino la kijiko kutoboa tenki. Kwamba tenki la chuma lililofukiwa miaka yote hiyo kwenye udongo wenye chumvi ya pwani huenda lilikwisha kutoboka lenyewe, hilo halikuandikwa popote.

Petroli ikivuja ardhini haitulii pale ilipodondokea. Inashuka kwenye mchanga mpaka ikutane na maji ya chini, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu yake na kutandaa. Sehemu nyingine inanasa kwenye chembe za mchanga na kukaa humo miaka. Udongo wa pale ni mchanga uliochanganyika na mawe ya matumbawe yenye matundu, na matundu hayo ni njia. Mtu anaweza kuchimba mbali kabisa na tenki, asiguse chuma hata kidogo, na bado akawa anachimba ndani ya mafuta.

Jambo jingine lililopotosha ni umbo la sehemu yenyewe. Ukisema "nafasi finyu" kwa mafundi wetu, wanawaza kuingia ndani ya tenki, ndani ya karo la maji machafu, ndani ya kisima. Mtaro ulio wazi juu, jua linawaka, upepo unavuma barabarani, hauingii kwenye picha hiyo. Lakini upepo wa kusi uliokuwa ukivuma siku ile, nao umeshaanza kulegea kama kawaida ya majira hayo, ulikatisha juu ya mtaro bila kushuka ndani. Waliokuwa ukingoni walipepewa. Waliokuwa chini walikaa na hewa ile ile.

Sifuri ya saa moja na nusu

Afisa usalama alifika mapema, na hakuwa mbabaishaji. Ana cheti, na uzoefu wake aliupata kwenye kazi za gesi asilia, kama vijana wengi wa mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Bomba la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilianza kazi mwaka 2015. Na hapo Likong'o, jirani na mji wa Lindi, watu bado wanausubiri mradi wa LNG, yaani gesi asilia iliyopozwa ikawa kimiminika. Katika miaka hiyo mafunzo ya usalama yametolewa mengi, na mengi yamejengwa juu ya gesi hiyo, ambayo karibu yote ni methani.

Methani ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja inapanda. Aliyefundwa juu ya methani anajua kuinua kifaa cha kupimia gesi, kupima darini, kufungua madirisha ya juu. Basi kijana wetu alisimama ukingoni, akashusha mkono wenye kifaa hadi pale ambapo vichwa vya vibarua vingekuwa wakisimama wima, akatembea mtaro mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Kioo kikaonyesha sifuri, akaandika sifuri.

Mvuke wa petroli hufanya kinyume chake. Uzito wake ni kama mara tatu hadi nne ya ule wa hewa. Unalala chini, unafuata mteremko, unajaza shimo kuanzia sakafuni kama maji yanavyojaza beseni. Kwenye mtaro wa kina kile, hewa ya kifuani inaweza kuwa safi wakati ile ya magotini imeshaharibika. Na anayeunganisha bomba hasimami wima. Anachuchumaa, anainama, anapiga magoti, uso wake unakuwa shubiri chache tu kutoka sakafuni. Kwa hiyo kifaa kilipima hewa ambayo hakuna mtu angeivuta kwa kazi ile.

Lipo tatizo la pili ndani ya kifaa chenyewe. Kilikuwa kimerekebishwa kwa methani. Vifaa vya aina hiyo vikikutana na mvuke wa petroli huonyesha kiasi pungufu, pengine nusu tu ya kilichopo, mpaka mtumiaji apige hesabu ya kurekebisha. Lipo na la tatu, ambalo nadhani halielezwi vya kutosha kwenye mafunzo. Zile herufi LEL kwenye kioo ni za moto. Zinaeleza umbali uliobaki kufikia kiwango cha chini kabisa ambacho hewa inaweza kuwaka, na kwa petroli kiwango hicho ni kama asilimia 1.4 ya hewa. Kengele nyingi hutegwa zilie ukifika sehemu ya kumi ya kiwango hicho. Sehemu ya kumi ya asilimia 1.4 inaonekana ndogo, ila ukiigeuza kuwa sehemu kwa milioni unapata 1,400. Wataalamu wa ACGIH, jumuiya ya wataalamu wa afya kazini ya Marekani, wanapendekeza mtu anayefanya kazi saa nane asivute zaidi ya wastani wa 300, na kwa dakika 15 asizidi 500. Maana yake kifaa kinaweza kunyamaza, hakuna hatari ya moto, na kibarua akawa anavuta zaidi ya mara nne ya kile ambacho mapafu na ubongo wake vinaruhusiwa kwa siku. Humo humo kwenye petroli mna benzini, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani ya damu.

Saa nne asubuhi afisa usalama akaondoka na kifaa chake, akaelekea Mtwara kwenye kazi nyingine. Mkataba wake ulikuwa wa kipimo kimoja.

Mchana, kila dalili na jibu lake

Saa tano maji yakaanza kuingia mtaroni. Ikaletwa pampu ndogo ya petroli. Mpira wa kuvutia ulikuwa mfupi, hivyo wakachonga kijukwaa ubavuni mwa mtaro, chini ya usawa wa ardhi, wakaiweka hapo. Dumu la petroli likakaa ukingoni. Kuanzia hapo kila aliyesikia harufu ya mafuta alikuwa na jibu tayari: ni dumu.

Maji yaliyovutwa yalimwagwa kwenye mfereji wa barabara, na mfereji huo unapita mbele ya banda la mama lishe. Yeye ndiye wa kwanza kuona maji yana utando wa rangi rangi juu yake. Akasogeza jiko lake la mkaa mbali na mfereji, kisha akamfuata fundi.

"Mwanangu, hayo maji yana mafuta. Hapa ikifika bamvua, bahari ikijaa sana, huwa panatoa hiyo harufu, sisi tunahama."

"Mama, hiyo ni pampu tu, inavuja kidogo."

Fundi hakumdharau. Pampu kweli ilikuwa inavuja kidogo. Lakini katika kila niliyozungumza naye, huyu mama ndiye peke yake aliyekuwa na taarifa iliyotakiwa, yaani kwamba harufu ina saa zake, na taarifa hiyo iliishia kwa mtu ambaye hakuwa na mamlaka ya kusimamisha chochote.

Saa saba kibarua mmoja, kijana mdogo kuliko wote, akaanza kuchekacheka. Maneno yakawa mazito, akawa anakosea kushika koleo. Wenzake wakamfanyia utani. Mabibo yalikuwa yameanza kuiva huko mashambani, na yakianza mabibo uraka, pombe yake, hauko mbali, kwa hiyo maelezo yakapatikana bila kutafutwa: dogo amekunywa. Msimamizi alimtoa, akamwambia akalale chini ya mti na kesho asije. Kwenye daftari la malipo siku yake ikakatwa nusu, na pembeni pakaandikwa "ulevi".

Dalili za kuvuta mvuke wa petroli ndizo hizo hizo za pombe: kichwa chepesi, ulimi mzito, kucheka ovyo, miguu isiyotii, halafu kichefuchefu na usingizi. Mvuke unaulegeza ubongo kama kilevi. Mtu wa namna hiyo akitokea kwenye eneo la kazi lenye mafuta, pombe iwe dhana ya mwisho, baada ya hewa kupimwa. Hapa ilikuwa ya kwanza na ya pekee, na kwa kuwa ilitosheleza, hakuna aliyeuliza kwa nini mlevi huyu alikuwa mzima kabisa saa tano.

Pua nazo zilikuwa zimeshanyamaza. Petroli hunusika ikiwa kidogo mno, chini sana ya kiwango cha kudhuru, na hilo ni jambo jema kwa anayefika sasa hivi. Aliyekaa nayo hunusa mwanzoni, kisha pua inazoea na harufu inaonekana imepungua, hata kama mvuke wenyewe unaongezeka. Vibarua wawili waliniambia kwamba kufika saa saba "harufu ilikuwa imeisha".

Plagi

Kipande hiki kinanisumbua kuliko vingine vyote.

Baada ya kijana kutolewa, pampu ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi. Fundi akaizima. Jua lilikuwa kali, hapakuwa na kivuli mtaroni, basi akaibeba mpaka ng'ambo ya barabara kwenye mwarobaini. Akafungua plagi, akaikuta nyeusi tii kwa masizi. Akaifuta, akairudisha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini na kuvuta kamba ili aone kama inapiga cheche. Ilipiga, ya buluu, nzuri. Ndivyo kila fundi anavyojaribu plagi.

Akaifunga pampu na kuiwasha pale pale chini ya mwarobaini. Ikaunguruma vizuri.

Plagi nyeusi ni dalili ya injini inayopata mafuta mengi kuliko hewa. Kichujio kilichoziba kinaweza kuleta hali hiyo. Lakini injini iliyowekwa ndani ya shimo na kuvuta hewa iliyokwisha kuchanganyika na mvuke wa petroli italeta hali hiyo hiyo, na ukiihamishia kwenye hewa safi itapona bila kubadilishiwa kitu. Kwa maneno mengine, ile pampu ilikuwa inafanya kazi ya kifaa kilichoondoka saa nne, na haikuwa na kioo cha kusomwa.

Nilimuuliza fundi kwa nini hakuifungua pale pale kwenye kijukwaa, maana ndivyo alivyoniambia hufanya siku nyingi. "Jua, kaka. Hakuna zaidi."

Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Chini ya hapo ni hafifu mno, juu ya hapo umekolea mno. Ndani ya mtaro mmoja zinaweza kuwepo sehemu za aina zote tatu kwa wakati mmoja: umekolea sakafuni, hafifu ukingoni, na mahali fulani katikati palipo sawa kabisa kwa kuwaka. Wala petroli haihitaji joto ili itoe mvuke wa kutosha kuwaka. Hufanya hivyo hata kwenye baridi ya kupita nyuzi 40 chini ya sifuri, na dizeli kwa kulinganisha huhitaji ipashwe moto mpaka juu ya nyuzi 50. Kwenye jua la Lindi lile la saa nane, kilichokosekana kilikuwa cheche tu. Injini yenyewe ilikuwa imeshafanya kazi mle ndani karibu saa mbili, ekzosi imepata moto, na haikuwasha kitu. Sina maelezo ya kisayansi ya kuliita hilo jina jingine zaidi ya bahati.

Jibu lililokuwa nusu sahihi

Msimamizi alipoona kijana kalegea na pampu inatoa moshi, akaunganisha mambo: moshi wa injini ndani ya mtaro. Alikuwa sahihi kabisa kuuogopa. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na imeua watu wengi waliofunga jenereta ndani au kushusha pampu kisimani. Akaamuru pampu isirudishwe chini. Akawapa watu mapumziko ya nusu saa, akagawa barakoa zilizobaki tangu siku za korona, kisha kazi ikaendelea.

Mtu mwingine angeandika hapa kwamba msimamizi alizembea. Mimi naona alifanya zaidi ya wasimamizi wengi niliowaona. Aliona tatizo, akatafuta chanzo, akakiondoa. Shida ni kwamba alipata jibu linaloeleza kila kitu, na jibu la namna hiyo humfanya mtu aache kutafuta. Kaboni monoksaidi na mvuke wa petroli huleta maumivu yale yale ya kichwa na kizunguzungu kile kile. Njia ya kuvitofautisha ilikuwa kifaa chenye vihisi vyote, na kifaa kilikuwa njiani kwenda Mtwara.

Barakoa, kwa upande wake, ilikuwa ni kitambaa cha vumbi. Mvuke hupita humo kama haipo. Hata zile maski za mpira zenye vichujio vya mkaa hazifai mahali ambapo hujui kiasi cha mvuke wala cha oksijeni. Pale kinachovaliwa ni kifaa kinacholeta hewa kutoka nje, na kama hakipo, mtu hashuki.

Saa nane na nusu walirudi. Kwa kuwa sasa hapakuwa na pampu, maji yalitolewa kwa ndoo. Kazi ikawa ya kuinama zaidi kuliko asubuhi, na kila ndoo ikawa inayakoroga yale maji yenye utando.

Saa tisa na nusu wa pili akakaa chini ndani ya maji na hakuinuka.

Kwa nini alasiri

Sasa turudi kwa mama lishe. Siku ile ilikuwa ya bamvua. Wavuvi wa pwani yetu wanajua bila kuangalia jedwali: kwenye bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na tena saa kumi alasiri, na hupwa kabisa kama saa nne. Na bamvua za karibu na mwisho wa Septemba, kama za Machi, ni miongoni mwa kubwa kuliko zote za mwaka, kwa sababu jua linakuwa juu ya ikweta.

Karibu na ufuko, maji ya chini ya ardhi hupanda na kushuka kwa kuifuata bahari, yakichelewa kidogo. Yakishuka, mchanga unavuta hewa ndani. Yakipanda, yanaisukuma nje hewa iliyokaa katikati ya chembe za mchanga, pamoja na mvuke uliomo, na yanainua tabaka la petroli linaloelea mpaka karibu na sakafu ya mtaro. Kipimo cha saa moja na nusu kilichukuliwa maji yakiwa yanapwa. Hata kama kifaa kingeshushwa mpaka sakafuni saa ile, huenda kingeonyesha kidogo sana. Kuanzia saa nne maji yakageuka, na kila saa iliyopita ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Ongeza joto la mchana, ambalo huongeza mvuke, na utaelewa kwa nini asubuhi ilikuwa shwari.

Halafu pampu. Ukivuta maji kutoka mtaroni, unayaita maji ya jirani yaje kujaza nafasi. Kinachoelea juu ya maji hayo kinakuja nacho. Kwa saa mbili wale watu waliivuta petroli kutoka chini ya sheli ya zamani kuileta miguuni mwao, na pampu ilipoondolewa, maji yaliyopanda yaliikuta imeshafika.

Siku iliyofuata kifaa kingine kilikodiwa na kushushwa kwa kamba, bila mtu kuingia. Saa nne asubuhi, sakafuni, kilionyesha kidogo. Saa tisa alasiri, mahali pale pale, kengele ililia kabla hakijafika chini.

Kuwatoa

Wa tatu alidondoka kwa sababu ya kumsaidia wa pili, na hii ndiyo namna ya kawaida kabisa ya vifo vya mashimoni: anaanguka mmoja, wanakufa watatu. Aliruka ndani, akamnyanyua mwenzake hadi kiunoni, kisha miguu yake mwenyewe ikalegea. Wa nne alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Dereva wa kijiko, mtu mzima kuliko wote pale, alikuwa ameshazima mashine yake; akamshika huyo kijana ukosi na kumvuta nyuma kwa nguvu mpaka akaanguka chali.

"Hashuki mtu! Lala chini hapa, mshike mkono!"

Wakalala kifudifudi ukingoni upande unakotoka upepo, vichwa nje ya mtaro, wakawashika mikono wale wawili na kuwaburuta juu. Iliwezekana kwa sababu mtaro ulikuwa wa kina cha kifua. Ungekuwa wa kina cha mita tatu isingewezekana, na hapakuwa na kamba, mkanda wa kumfunga mtu, wala mtu aliyepangiwa kazi ya kukaa juu na kuangalia. Kibali kilikuwa na mstari wa "mpango wa uokoaji". Umejazwa: "piga simu".

Huduma ya kwanza ilikwenda vizuri na vibaya. Mmoja alikimbia kuleta maziwa, kwa imani ile ya kwamba yanakata sumu. Mama lishe alikataa yasinyweshwe kwa mtu aliyezimia, na alifanya vyema: sumu hii iko kwenye mapafu na damu, maziwa hayaifikii, na mtu aliyelegea akitapika anaweza kuyavuta yale matapishi kifuani. Wa tatu, aliyezinduka haraka, waliambiwa wamtembeze, "achangamke". Hilo ni la hatari kuliko linavyoonekana. Mivuke ya aina hii huufanya moyo uwe mwepesi kuvurugika mapigo mwili unapotoa homoni ya mshtuko, na kuna watu wamekufa ghafla kwa kukimbia tu baada ya kuvuta. Anayetolewa kwenye mvuke alazwe ubavu mahali penye hewa, atulizwe, asikimbizwe.

Walipelekwa kwa bajaji na nguo zao zilizolowa petroli. Muuguzi wa mapokezi ndiye wa kwanza kuagiza nguo zivuliwe na miili ioshwe. Ni hapo pia mtu alipomkumbuka yule wa saa saba. Alikutwa bado chini ya mti, ametapika, kichwa kinampasuka. Alifika hospitali wa mwisho, ingawa ndiye aliyeanza.

Yaliyobishaniwa baadaye

Mkandarasi alikuwa na hoja moja nzito: matenki si yake. Aliyefunga sheli ndiye aliyepaswa kuyatoa au kuyasafisha na kuyajaza, na kama angefanya hivyo pasingekuwa na kisa. Naikubali nusu yake. Kuhusu udongo uliochafuka, ndiyo, mwenye kiwanja ana la kujibu. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamwangalia mwajiri na mahali anapowapeleka watu wake kufanya kazi. Hatari iwe ameileta yeye au ameikuta, akishajua kwamba chini pana tenki la petroli, kuishughulikia ni sehemu ya kazi.

Suala la ulevi lilichukua muda kuliko nilivyotarajia. Kijana hakupimwa pombe na mtu yeyote, na neno lile kwenye daftari lingeweza kumharibia madai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyelikata kwa kalamu nyekundu na kutia saini pembeni, baada ya kusoma cheti cha daktari. Nusu siku yake ililipwa.

Njia ya bomba ilihamishiwa upande wa pili wa barabara, ulio juu zaidi. Masharti mapya ya kibali ni machache: kifaa kinakaa kazini muda wote watu wakiwa chini, kinashushwa mpaka sakafuni kabla ya kila zamu na kila baada ya saa moja, injini yoyote inakaa juu na upande ambao upepo unaelekea, feni inasukuma hewa safi kwa mpira mpaka chini, na siku za bamvua kazi ya chini inaisha saa tano. Hili la mwisho mhandisi alilicheka kwanza, akasema hajawahi kuona kibali chenye saa za bahari. Kisha akauliza jedwali la maji linapatikana wapi.

Limebaki duka la vipuri. Chumba chake cha nyuma kina sakafu iliyo chini ya usawa wa kiwanja, ina nyufa, na mwenye duka huwachemshia mafundi wake chai humo. Mvuke unaoingia mtaroni unaweza kupita kwenye nyufa hizo vile vile. Nimemshauri chumba kipimwe alasiri ya bamvua, kifaa kikiwa kimelazwa sakafuni. Kipimo hakijafanyika bado, lakini jiko la chai ameshalitoa nje.